Mtoto wako anaijua Kaitaba ya mpira tu?

Muulize mtoto wa Nyaishozi Kaitaba ni nini. Atajibu haraka: ni uwanja wa mpira kule Bukoba, wanapochezea Kagera Sugar. Kwamba Kaitaba alikuwa mtawala wa zamani, na kwamba upo utenzi wenye jina lake unaoghaniwa kwa enanga, hilo huenda hata baba yake halijui.

Enanga ni ubao mrefu uliochongwa ukabonyea katikati kama kihori. Uzi mmoja hupitishwa kwenye meno ya ncha zake mbili, kwenda na kurudi, mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. James Grant, Mzungu aliyebaki Karagwe kwa Mukama Rumanyika akiugua mguu kati ya mwaka 1861 na 1862, aliieleza katika kitabu chake cha 1864. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi enanga ya Wahaya. Baadaye Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakusanya tendi zake, zikiwamo Rukiza na Kachwenyanja.

Kwa hiyo nyimbo zenyewe zimo kwenye kanda na vitabuni. Kinachopotea ni ule mkao: mghani mbele ya watu, anayerefusha kisa akiona wanamfuata na kufupisha akiona wamechoka. Kanda haimwoni msikilizaji.

Wengi hulaumu Bongo Fleva, na si haki. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoufufua kwa mtindo wao wimbo wa Saida Karoli, 'Maria Salome', watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka walianza kuuliza Saida ni nani. Ila wimbo wa aina ile unabebwa na mdundo na kiitikio. Utenzi wa enanga ni kisa, na kisa hakimwingii mtoto asiyesikia Kinyambo wala Kihaya. Ugumu uko hapo, na hiyo ni kazi ya nyumbani, si ya msanii.

Desemba ukoo unapokusanyika, au kwenye harusi, kama yupo mzee anayepiga, aitwe. Asiwekwe dakika tano kati ya MC na spika za DJ. Huko ni kumdhalilisha. Apewe jioni yake, watu wakishakula. Kabla hajaanza, bibi awasimulie wajukuu kisa kwa Kiswahili: nani aligombana na nani, na kwa sababu gani. Mzee akianza kughani, watadaka majina, na wataanza kuuliza maneno wasiyoyajua. Waulize tu, hata katikati.

Kurekodi kwa simu hakuna ubaya, lakini mtu mmoja anatosha. Na mzee akiridhia, mtoto apewe enanga aipapase. Siku hizi uzi ni wa nailoni, ukikatika hakuna msiba.