Ghala Kabla ya Bati

Fedha katika Likunja, kama katika vijiji vingi vya Ruangwa na Nachingwea, haiji kidogo kidogo mwaka mzima, bali huja kwa kishindo baada ya minada ya korosho kufunguliwa, na kwa sababu hiyo aghalabu mwenye kuipokea hughafilika akaanza na bati, pikipiki na sherehe. Hata Januari ikifika, mvua zimekolea na mahindi bado hayajabeba, kaya iliyotajirika juzi huanza kukopa unga kwa kibaba. Wanaozungumza juu ya kuanguka kwa uchumi hutazama mabenki ya Ulaya na Marekani, nami siwakatazi. Lakini huku uchumi wa nyumba nyingi huanguka kila mwaka, na magazeti, hili likiwamo, hayana habari nao.

Iko miaka ambayo dhiki hiyo hupita kadiri. Mwezi wa Agosti 2017 India iliwekea mipaka uagizaji wa mbaazi, na zao lililokuwa tegemeo la wakulima wa kusini likaporomoka bei. Mwaka uliofuata minada ya korosho ilikwama, hata mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likatwikwa kazi ya kuisomba. Bei ilikuwa ya kupendeza. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wako wakulima waliongoja haki yao mpaka ndani ya mwaka 2019. Stakabadhi ya ghala anayoishika mkulima akingoja malipo, iwe halali namna gani, haitiwi chunguni.

Anayenufaika na hali hiyo ni mnunuzi wa kangomba. Huyu humwendea mkulima wakati chungu kimeinamishwa, akampa fedha kidogo au debe la mahindi, na badala yake akachukua ahadi ya korosho ambazo mkorosho wenyewe haujazitolea hata maua. Serikali humsaka, nayo ina haki. Walakini kwa maoni yangu magunia ya nafaka ndani ya nyumba humfukuza kwa wepesi kuliko askari, maadamu asiye na njaa hana haja ya kuuza kabla ya mnada. Akiba ya chakula, basi, hulinda tumbo, na fauka ya hayo hulinda bei.

Hesabu yake si ya kutisha. Watu sita, kila mmoja akila nusu kilo ya nafaka kwa siku, humaliza kilo 270 kwa siku 90, yaani pungufu ya magunia matatu ya kilo 100. Kosa ni kungoja fedha ya korosho ndipo yanunuliwe, kwa kuwa wakati huo mavuno yamekwisha kupita na bei imepanda. Fedha ya kununulia ni ya ufuta, unaouzwa takriban Juni na Julai, mahindi na mtama vikiwa vimejaa. Nafaka ikaushwe barabara, ikatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, kwani dumuzi mkubwa aliyetufikia kutoka Amerika miaka ya sabini hasazi mahindi wala makopa. Muhogo ulioachwa ardhini hauhitaji mfuko wala dawa, ila unahitaji mlinzi wa kufukuza nguruwe.

Baada ya chakula zifuate zile bidhaa ndogo zinazotoka mbali. Mvua za mwaka 2024 zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Kilwa, mikoa ya kusini ilionja tena kile ambacho wazee walikionja baada ya vita vya Kagera, sabuni na sukari zilipogeuka tunu. Chumvi, viberiti na sabuni haviozi upesi vikiwekwa pakavu. Kimoja cha ziada kila mwendapo dukani chatosha. Sukari kidogo ifichwe mbali na watoto: vijiko sita vya chai, pamoja na nusu kijiko cha chumvi, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, ni kinywaji cha kumwokoa mwenye kuharisha wakati gari la kwenda hospitali halipatikani.

Limebaki suala la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi vingi hugawana akiba mwezi wa Desemba, ilhali korosho imekwisha kulipa na mifuko imejaa. Laiti wanachama wangekubaliana kugawana Februari, wakati wa dhiki ile! Najua watanung'unika kwa ajili ya nguo za sikukuu, na mwenye duka la nguo atanung'unika zaidi. Lakini katiba ya kikundi huandikwa na wanachama wenyewe, na mkutano mmoja unatosha kuibadili.