Njia Iliyofungwa: Hatari ya Kiwanja cha Ndege Kinapotengenezwa

Mkulima akitaka kufunga njia ipitayo katikati ya shamba lake, hatosheki na kuwaambia jirani zake kwa maneno tu. Hukata miiba, akaitandaza pale njia inapoanzia, na mtu ajaye, hata akija usiku, hujua kwamba hapana ruhusa kupita. Jambo hili ni dogo, lakini lilipopuuzwa katika viwanja vya ndege, watu wengi walipoteza maisha yao.

NAMBA ZA NJIA

Ndege kubwa huruka na kutua juu ya njia ndefu iliyotengenezwa kwa lami au saruji. Kila njia ina namba yake, iliyoandikwa mwanzoni kwa rangi nyeupe na kwa tarakimu kubwa sana, ili rubani aisome akiwa mbali. Namba hiyo haikuwekwa ovyo. Duara ya dira imegawanywa digrii 360. Njia ielekeayo digrii 60 hivi huitwa 06, na njia hiyo hiyo ikitumiwa kutoka upande wa pili, huitwa 24, kwa kuwa yaelekea digrii 240. Ndivyo ilivyo njia ya kiwanja cha Nairobi kilichofunguliwa huko Embakasi mwaka 1958: arukaye kuelekea kaskazini-mashariki hutumia 06, na arukaye kuelekea kusini-magharibi hutumia 24.

Ikiwa njia mbili zakwenda sambamba, namba yao ni moja. Basi huongezwa herufi ya Kiingereza: L kwa ile ya kushoto, na R kwa ile ya kulia. Hapo ndipo inapotakiwa hadhari, maana dira yaonyesha mwelekeo ule ule katika njia zote mbili.

MSIBA WA TAIPEI

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000, ndege ya Singapore Airlines, aina ya Boeing 747, ilikuwa katika kiwanja cha Taipei, kisiwani Taiwan, tayari kwenda Los Angeles. Ndani yake walikuwamo watu 179. Kimbunga kilikuwa karibu, mvua ikinyesha kwa nguvu na upepo ukivuma sana. Marubani walipewa njia 05L. Kando yake ilikuwapo njia 05R, iliyo fupi na nyembamba zaidi. Sehemu ya njia hiyo ya pili ilikuwa imefungwa tangu mwezi wa Septemba kwa matengenezo, na humo yalikuwamo mashine za kuchimbia na vizuizi vya saruji.

Wakati ule ndege iliyotoka kwenye jengo la abiria ilifikia kwanza 05R, kisha iliivuka ili kufika 05L. Usiku ule marubani hawakuvuka. Walikata kona mapema, wakaingia 05R, na saa tano na robo hivi usiku wakaanza kukimbia ili waruke. Ndege iligonga vizuizi na mashine zile, ikavunjika, ikashika moto. Watu 83 walikufa, 96 walipona.

Msomaji atauliza: je, hawakupata habari? Walipata. Taarifa ya kufungwa kwa njia ilikuwa imetolewa kwa maandishi miezi miwili kabla, na marubani walijua. Lakini mwanzoni mwa 05R hapakuwa na kizuizi chochote wala alama ya kuwaambia, “Hapa pamefungwa.” Mstari wa taa za kijani uliwaongoza kukata kona na kuingia humo; na katika taa za kuwapeleka mbele hadi 05L, moja ilikuwa imezimika na nyingine ilififia. Wasimamizi katika mnara hawakuweza kuiona ndege kwa sababu ya mvua, wala kiwanja hakikuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini.

Hata hivyo ishara hazikukosekana. Katikati ya njia ile taa zilikuwa za kijani, na katika 05L zilikuwa nyeupe. Upana haukuwa ule waliotazamia, na chombo kimoja mbele yao hakikuonyesha kwamba wako mahali panapofaa. Lakini hali ya hewa ilikuwa ikizidi kuharibika, na mawazo yao yote yalikuwa juu ya upepo na mvua.

SI MARA MOJA

Tarehe hiyo hiyo ya 31 Oktoba, mwaka 1979, ndege ya Western Airlines ilitua Mexico City alfajiri, katika ukungu, juu ya njia iliyofungwa kwa matengenezo. Iligonga lori la kazi. Watu 72 kati ya 88 waliokuwamo walikufa, na dereva wa lori naye akafa. Kwa hiyo tusidhani kwamba hatari hii ni ya abiria na marubani peke yao. Mfanyakazi aliyeshika sepeto yumo pia.

YATUPASAYO KUJIFUNZA

Kanuni za mataifa zaagiza kwamba njia iliyofungwa ichorwe alama kubwa ya msalaba, na taa zake zisiwashwe, ila mafundi wakizihitaji kwa kazi yao. Rubani naye hufundishwa kusoma namba ya njia kwa macho yake, kuilinganisha na dira, kutazama rangi ya taa, na akiona shaka hata kidogo, asimamishe ndege na kuuliza mnara. Dakika mbili za kuuliza hazimdhuru mtu.

Karani aliyekwisha kutuma waraka asidhani kwamba kazi yake imekwisha. Waraka husomwa mchana, ofisini, penye utulivu. Hatari humfikia mtu usiku, katika mvua, akiwa na mambo mengine kumi kichwani. Yafaa onyo liwepo mahali penyewe, kama ile miiba ya mkulima. Naye apitaye asiseme, “Njia naijua.” Njia ikitengenezwa, si ile uliyoijua jana. Kuuliza si ujinga.