Mkanda wa Jeshi: Siku Tatu za Mwanzo Zisipotee

Maradhi yaitwayo mkanda wa jeshi yamebebeshwa mzigo usio wake. Wapo wasemao ni kurogwa; wapo waaminio kuwa malengelenge yakizunguka mwili yakakutana, mgonjwa hufa. Wengine wakiyaona kwa jirani humhukumu papo hapo kuwa ana UKIMWI. Basi mtu hujifungia ndani kwa aibu, na siku zilizofaa kwa tiba zikampita.

Ukweli ni kuwa kirusi chake ndicho kile kile cha tetekuwanga. Aliyepona tetekuwanga utotoni hubaki nacho kimejificha kwenye mizizi ya neva, na kinga ya mwili ikipungua huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Ndiyo sababu upele hukaa upande mmoja tu, kifuani, mgongoni, kiunoni au usoni. Aghalabu maumivu hutangulia: mahali pale huwaka na kuchoma siku kadhaa, na mkulima hudhani amejitonesha shambani. Kisha huja vipele, na baadaye malengelenge yenye maji, mafungu mafungu.

Hapo ndipo tunapowasihi watu wa Nyamwaga na vijiji jirani. Hospitali ya Wilaya ya Tarime imejengwa hapo hapo Nyamwaga. Mtu aende siku ile ile aonapo vipele. Dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Wako watu, hasa wenye umri mkubwa, ambao ngozi hupona lakini maumivu hubaki miezi mingi, hata miaka. Upele ukitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, asingoje kesho, maana jicho laweza kupofuka.

Daktari akishauri kipimo cha VVU, mgonjwa asione ametukanwa. Mkanda huwapata wazee wengi wasio na VVU kabisa. Ila kwa kijana waweza kuwa dalili ya mapema, na dawa za VVU hutolewa bure.

Nyumbani, asafishe kwa maji safi na sabuni, afunike kwa kitambaa kisichobana, asipasue malengelenge wala kupaka majivu. Asitengwe. Maji ya malengelenge humwambukiza tetekuwanga asiyewahi kuugua, kwa hiyo wajawazito wa namna hiyo na watoto wachanga wakae mbali naye hadi vidonda vikauke. Ama udhu, daktari akizuia maji yasifike penye vidonda, sheria imeweka wasaa wa kupangusa au kutayamamu. Amuulize mwalimu wa msikitini kwake, wala asiache swala.