Mupira na Vijana Wakimbizi

Ndugu zetu, wakimbizi wanapofika karibu na misioni, sisi tunawatafutia kwanza chakula, mahali pa kulala na dawa. Ni vizuri. Lakini kijana aliyeshiba angali anakaa kimya mbele ya hema, mikono mitupu, kichwa kimejaa yale aliyoyaona njiani. Je, huyu tutamupatia nini?

Tumukumbuke Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili watoto wa Bukavu. Vita iliwatenga na wazazi wao wangali wadogo. Wakapelekwa Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakaomba kimbilio katika inchi ya Brazili. Mwaka 2016 walikuwa kati ya wakimbizi 10 walioshindana katika Michezo ya Olimpiki mujini humo humo, kundi la kwanza kabisa la wakimbizi. Popole alishinda pambano lake la kwanza, akashindwa la pili.

Lakini tusidanganye vijana: walio wengi hawatafika Olimpiki. Faida ya muchezo ni ingine. Mukimbizi amenyanganywa mambo matatu: saa, sheria na wenzake. Uwanjani anayapata tena. Jumanne na Ijumaa saa 10 anangojewa. Sheria ni moja kwa wote, na mwenye kuivunja anaonywa, hapigwi. Mwenzake anamupa mupira bila kumuuliza kabila lake.

Basi tufanye namna gani? Ya kwanza, tushike siku na saa: kijana aliyeachwa mara nyingi asiachwe tena na sisi. Ya pili, tuchanganye wageni na wenyeji katika kila kundi. Tukiweka wakimbizi upande huu na wenyeji upande ule, mupira unageuka vita ingine. Ya tatu, wasichana wapate saa yao, mchana na karibu na nyumba, kusudi warudi bila hofu. Ya ine, tusimufukuze asiyejua kucheza. Ni kwa ajili yake tulianza.

Tena, muchezo hauponyeshi yote. Kijana asiyelala usiku, au anayeshtuka kila mara firimbi inapolia, tumupeleke kwa munganga. Wala tusifanye mupira kuwa chambo cha kuwavuta kwenye katekisimu. Kijana akicheka tena pamoja na wenzake, kazi ile ni njema yenyewe.