Paka Anapokataa Dawa

Katika nyumba nyingi za parokia zetu yumo paka. Hafugwi kwa anasa. Kazi yake ni kulinda mahindi na mchele visiliwe na panya. Akiugua, twasema, "Atapona mwenyewe." Lakini paka huyo huyo ndiye anayelala miguuni pa watoto. Mayai ya minyoo yaliyomo katika kinyesi chake huweza kumwingia mtoto anayecheza mchangani na kula bila kunawa mikono. Hata tegu huweza kumpata mtoto akimeza kiroboto aliyembeba. Basi kumtibu paka ni sehemu ya kulinda afya ya familia.

Shida ni kwamba paka hapendi dawa. Sisi tulijifunza hivyo kwa aibu. Paka wetu alipopata kidonda chenye usaha, daktari wa mifugo alitupatia vidonge vya siku saba. Tulivificha ndani ya ugali na dagaa, tukaona sahani tupu, tukafurahi. Siku ya tano kidonda kilikuwa kimezidi. Tulipofagia chini ya kabati tukakuta vidonge vinne. Alikuwa akila dagaa na kutema dawa! Ikabidi tuanze upya.

Usimpe dawa yako

Wako wanaomhurumia paka wakampa kidonge cha paracetamol. Hiyo ni sumu kwake. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua paka mzima. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso huvimba, naye hupumua kwa shida. Kadhalika usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe wala dawa ya viroboto vya mbwa, kwa maana atajilamba na kuimeza. Dawa ya paka na kipimo chake aseme daktari wa mifugo.

Jinsi ya kumpa kidonge

Kwanza tayarisha vyote kabla ya kumwita: kidonge, maji kidogo katika bomba la sindano lisilo na sindano, na taulo au kitenge kizito. Funga mlango. Watoto wasipige kelele.

Mviringishe paka katika taulo, miguu yote ikiwa ndani, kichwa tu kikibaki nje. Mpakate, mgongo wake ukiwa upande wako. Kwa mkono mmoja shika kichwa kutoka juu, kidole gumba upande huu wa taya na vidole vingine upande wa pili. Inua pua yake juu kidogo. Kwa kidole cha mkono wa pili shusha taya la chini, kisha weka kidonge nyuma kabisa, katikati ya ulimi. Funga kinywa, rudisha kichwa sawa, na umpapase koo taratibu. Akilamba pua, mara nyingi amemeza.

Halafu mpe maji kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kidogo kidogo. Kidonge kikavu huweza kukwama njiani, na baadhi ya dawa, kama doxycycline, huunguza umio. Usitumie maziwa: hupunguza nguvu ya dawa hiyo, na paka wengi wakubwa huwaharisha.

Dawa ya maji ipitishwe pembeni mwa kinywa, nyuma ya jino refu, matone machache kwa wakati mmoja. Usimwinue kichwa juu, isije ikaingia mapafuni.

Ukitaka kuficha kidonge katika chakula, muulize daktari kwanza kama yafaa. Mpe paka mwenye njaa tonge dogo la samaki lisilo na dawa, kisha lenye dawa, kisha jingine lisilo na dawa. Kaa naye hadi amalize. Sahani tupu si ushahidi.

Akitoa povu mara tu baada ya kupewa dawa, usishtuke. Huenda ni uchungu wake tu. Lakini paka aliyekuwa mpole akageuka mkali ghafla, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, usimguse kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Watenge watoto, na mwite mtaalamu wa mifugo upesi.

Akikuuma

Jino la paka huacha tundu dogo lakini huingiza vijidudu ndani sana. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Usingoje livimbe. Paka naye apewe chanjo ya kichaa cha mbwa mapema, kabla hayajatokea hayo.

Mwisho, wazazi, msiache dawa siku ya tatu kwa kuwa paka ameanza kurukaruka. Malizeni siku zote mlizoambiwa. Na kila akimeza, mpeni dagaa mmoja na kumpapasa. Kesho mtamhitaji tena, naye hasahau jinsi alivyotendewa jana.