Minazi ya Melini

Katika shamba la ukoo wetu, mwendo mfupi kutoka Kilwa Kivinje, ipo minazi michache ambayo tangu utotoni tulikatazwa kuigusa. Nazi zake ziliuzwa mbali na nazi nyingine, na fedha iliyopatikana ilitumika kuipalilia minazi hiyo hiyo na kupanda mipya palipokufa ya zamani. Tukiuliza mwenyewe ni nani, tulijibiwa kwa neno moja: Melini. Hatukujua kama hilo lilikuwa jina la mtu au la mahali.

Mwaka huu shamba linapimwa ili ligawanywe, na bibi yetu, ambaye ndiye mkubwa aliyebakia, akatuketisha barazani na kutueleza. Melini alikuwa mdogo wa baba yake. Aliondoka Kivinje akiwa kijana ambaye ndevu hazijamjaa, akapanda jahazi lililokuwa likipeleka boriti Unguja. Baada ya miezi kadhaa nahodha alirudi na salamu: mtoto ameandikwa kazi ya makaa katika manowari ya Waingereza, mshahara si haba, na Mwenyezi Mungu akijaalia atarudi kabla ya mfungo. Salamu nyingine haikuja. Vita ikaingia.

Ndugu msomaji asilipite upesi neno hilo, makaa. Manowari za zama zile zilikwenda kwa moto, na moto ulitaka watu wa kuulisha usiku na mchana, chini kabisa ya meli, mahali ambapo baharia haioni bahari anayoisafiria. Tangu karne ya 19, manowari za Kiingereza zilizozunguka mwambao wetu zilikuwa zikiandika vijana wa kazi hiyo na ya mashua huko Unguja, Aden na Bombay. Waliitwa Masidi. Baadhi yao walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na Kilwa yetu, tuseme kweli hata kama inauma, ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo. Wengi waliingizwa daftarini kwa majina ya kupachikwa: majina ya kamba, ya vyombo, ya vinywaji. Mtu aliyepewa na baba yake jina la Mtume (S.A.W.) au la sahaba alipokea mshahara wake kwa jina la mzaha.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani zilikuwa chini ya Mjerumani, na Unguja ilikuwa chini ya Mwingereza. Bahari ile ile ambayo watu walivuka kwenda arusini na mazikoni ikawa na pande mbili. Mama alikuwa upande mmoja na mwanawe upande wa pili, naye ameajiriwa na adui wa serikali inayomtawala mama yake. Majirani walimshauri asimtaje mtoto hadharani, asije akadhaniwa kuwa anapeleka habari.

Yaliyofuata yameandikwa vitabuni. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza Pegasus ikitengenezwa mitambo yake. Watu 38 wa Pegasus walikufa, na wengi wao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Königsberg ikajificha katika mikono ya Mto Rufiji, kaskazini yetu, mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mwaka huo huo, kuanzia tarehe 1 Machi, Waingereza walitangaza kuufunga mwambao wote wa Mjerumani, na jahazi lililotoka lilihatarisha chombo na roho. Machi 1916 meli Marie ilipenya mpaka Sudi ikiwa na silaha za Wajerumani. Mwezi uliofuata manowari Hyacinth ikaifuata kwa makombora, lakini ikaponyoka.

Katika manowari hizo zilizoupiga mwambao wa kusini, huenda kijana wa Kivinje alikuwa chini akitia makaa. Bibi anasema moshi ulipoonekana kwa mbali watu walikimbilia mashambani, na mama yake Melini alikuwa akielekea ufukweni.

Septemba 1916 Waingereza waliteremka Kilwa, na siku chache baadaye Lindi. Mama alimwuliza kila baharia mweusi aliyekanyaga pwani. Nani angemjibu? Kilwa ilikuwa imegeuka ghala la jeshi, na maelfu ya wapagazi walikuwa wakipitishwa hapo kwenda bara kufa kwa homa, njaa na kuhara. Ni wale wa Carrier Corps, ambao jina lao tunalitamka kila tuendapo sokoni Kariakoo.

Hapa ndipo msiba unapokuwa mzito kuliko kifo chenyewe. Maiti ina haki zake kwetu: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Aliyekufa mbali, katika madhehebu ya Imamu Shafi tunayoyafuata mwambao huu, huswaliwa swala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomswalia Najashi wa Uhabeshi. Na aliyezama majini tumefundishwa kuwa ana daraja ya shahidi huko Akhera. Lakini yote hayo yanataka kwanza ijulikane kuwa amekufa. Asiyejulikana hai wala maiti, mke wake hana eda, na mali yake hairithiwi mpaka upatikane ushahidi, au kadhi ahukumu baada ya muda ambao mtu kama yeye hadhaniwi kuwa angali hai. Baba yake Melini alipofariki, mirathi iligawanywa na fungu la mtoto wa melini likawekwa kando. Ndiyo ile minazi.

Palikuwa na wanaume waliotaka kwenda kwa kadhi. Mama alikataa. Alikataa pia jambo jingine, na hilo ndilo linalotusumbua leo. Desturi yetu ni kumpa mtoto mchanga jina la babu au ami aliyetangulia, ili jina lisipotee. Kila alipozaliwa mjukuu wa kiume na watu wakataka kumpa jina la Melini, bibi huyo aliinua mkono: jina lina mwenyewe, naye hajafa. Mwishowe hakulitamka tena hata yeye. Alisema “mwenzenu”, na wengine wakasema Melini. Angekuwa wa kwanza kumrithi. Alikufa bila kuichukua hata nazi moja ya mwanawe.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika kuitumikia dola ya Kiingereza wakati wa vita ile na muda mfupi baada yake, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Vita ya pili haikuwa hivyo kwa wote. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipozamishwa karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ilikwenda na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na majina yao yamechongwa Nairobi. Mtoto wa askari yule anaweza kwenda, akaweka kidole juu ya herufi. Radhi ya Tume tumeisikia, lakini haituambii tuandike nini katika karatasi ya mirathi.

Ijumaa iliyopita tulikutana na shekhe nyumbani kwa bibi. Ushahidi wa umri ulikuwa rahisi, maana kijana wa 1914 leo angepita miaka 120. Kisha shekhe akauliza marehemu aitwe nani, katika karatasi na katika hitima. Tulitazamana. Bibi akasema jina la mtoto halijui, ila la mama analijua, kwa kuwa yeye mwenyewe amepewa jina hilo.

Shekhe akaandika: mwana wa fulani, akalitaja jina la bibi yetu. Tukainua mikono kwa Fatiha.