Mngurumo wa Gitaa Katika Chumba Kidogo

Amplifaya zilizouzaa mngurumo mzito wa gitaa tuusikiao katika muziki wa roki hazikuundwa kwa ajili ya chumba cha kulala. Jim Marshall, mwalimu wa kupiga ngoma aliyekuwa na duka la ala za muziki katika mtaa wa Hanwell, magharibi ya London, alitoa amplifaya yake ya kwanza mwaka 1962, na miaka mitatu baadaye, kwa kuhimizwa na vijana kama Pete Townshend wa bendi ya The Who, ambao walitaka gitaa lisikike juu ya ngoma na juu ya makelele ya hadhira, akatoa ya wati 100. Mitambo ya kupazia sauti kumbini ilikuwa dhaifu katika zama zile, na mpigaji hakuwa na msaidizi ghairi ya amplifaya iliyosimama nyuma ya mgongo wake. Haja hiyo ilikwisha zamani, maana siku hizi maikrofoni moja mbele ya spika yatosha kuujaza uwanja. Walakini sauti iliyozaliwa na haja ile imebaki kuwa kipimo cha uzuri, na kijana akaaye katika nyumba ya ghorofa, mwenye jirani nyuma ya ukuta na mtoto mchanga juu ya dari, huitamani sauti hiyo hiyo saa nne za usiku, pasipo kumkosesha mtu usingizi. Matamanio hayo ni halali, na tena yapatikana kwa kiasi kikubwa kuliko wengi wanavyodhani, maadamu mwenye kuyatafuta amefahamu ni kitu gani hasa kinachopotea sauti inapopunguzwa.

Msomaji aliyelelewa na gitaa safi la Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz, ambamo kila noti husimama peke yake ikang'aa, aweza kuuliza kuna uzuri gani katika sauti iliyokwaruzwa kwa makusudi. Jawabu limo katika tabia ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazokuza umeme wa gitaa. Valvu ikilishwa zaidi ya uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na katika mkato huo huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo katika uzi wenyewe; kadhalika, kwa kuwa kilichokuwa kikubwa kimekatwa na kilichokuwa kidogo kimeinuliwa, noti haifi upesi kama ifavyo katika gitaa la kawaida, bali huendelea kulia kama uzi wa fidla unaosuguliwa kwa upinde. Hiyo ndiyo distosheni, na kiasi cha kuikuza sauti hata ifikie hapo huitwa gaini.

Mkwaruzo huo huweza kufanyika mahali patatu: katika valvu ndogo za mwanzo, ambazo hukuza sauti dhaifu itokayo gitaani, katika valvu kubwa za mwisho, ambazo huisukuma spika, na katika spika yenyewe, ambayo karatasi yake ikisukumwa kwa nguvu hupinda na kutetemeka kwa namna ya kuongeza ukali wake. Amplifaya za kale zilitegemea pahala pa pili na pa tatu, na kwa sababu hiyo hazikuweza kunguruma ila zikifunguliwa hadi mwisho. Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Randall Smith wa Mesa/Boogie, huko California, alipoziunga valvu ndogo moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiilemea inayofuata, kisha akaweka nobu ya kupunguza kishindo chote kabla hakijafika kwenye valvu kubwa. Marshall nayo ilitoa amplifaya ya wati 100 yenye nobu kuu ya sauti mwaka 1975. Soldano SLO-100 ya mwaka 1987 na Peavey 5150 ya mwaka 1992, ambazo ndizo mama wa ngurumo nyingi za roki nzito ya leo, zimejengwa juu ya msingi huo huo. Faida yake kwa mtu wa chumbani ni kubwa mno, kwa kuwa sehemu iliyo kubwa ya mngurumo wa kisasa hutengenezwa katika valvu ndogo, ambazo hazijali kabisa kama jirani amelala au yu macho.

Mbona basi, akishaipunguza nobu kuu, mpigaji huona sauti imekonda, imejaa mvumo wa nyuki, haina kifua? Aghalabu lawama hutupiwa wati, na watu hukimbilia kununua amplifaya ndogo wakitaraji nafuu. Hesabu ya jambo hili yafaa ijulikane, kwa sababu imewaponza wengi. Sikio halihesabu wati moja moja. Ili tuhisi kwamba sauti imepungua nusu, hatuna budi kupunguza nguvu mara kumi. Amplifaya ya wati 10, kwa hiyo, si moja kwa kumi ya kelele za ile ya wati 100, bali yakaribia nusu yake. Tena spika za gitaa ni hodari kupita kiasi: nyingi, zikipewa wati moja tu, hutoa yapata desibeli 100 kwa mtu aliye umbali wa mita moja, nayo ni sauti ambayo taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, haishauri mtu aikabili zaidi ya dakika 15 kwa siku. Kuishusha hata desibeli 70, ambazo chumba chaweza kuzivumilia usiku, kwahitaji sehemu moja katika elfu ya wati. Katika kiwango hicho amplifaya ya wati 100 na ya wati tano zote zimelala usingizi, na fedha iliyotolewa ili kubadili hii kwa ile haikununua kitu, isipokuwa pengine nobu inayozunguka kwa utulivu zaidi.

Kinachobadilika zaidi kuliko amplifaya ni sikio. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walieneza matokeo ya uchunguzi wao uliodhihirisha kwamba sikio la mwanadamu halisikii sauti nene na nyembamba kwa mizani moja, na kwamba mizani yenyewe hubadilika kadiri sauti inavyopungua. Kwa sauti ya chini, besi ya hezi 100 huhitaji zaidi ya desibeli 20 za nyongeza ili isikike sawa na sauti ya katikati ya hezi 1000; kwa sauti kubwa tofauti hiyo hupungua sana. Uzi mnene wa gitaa lililotuniwa kwa kawaida hulia kwa hezi 82, yaani pale pale ambapo sikio hutangulia kuwa kiziwi. Hapana nobu iliyoharibika, wala valvu iliyochoka. Kifua cha sauti kimo, ila hakisikiki. Kwa maoni yangu jambo hili ndilo roho ya habari yote, na mtu asiyelifahamu atanunua chombo baada ya chombo bila ya kuridhika.

Kutokana na hayo hufuata kanuni ambayo ningependa kila mpigaji aishike: sauti sharti ipangwe katika kiwango kile kile itakakosikilizwa. Asipange kwa kishindo mchana kisha akashusha usiku, bali aishushe kwanza, ndipo azungushe nobu za besi, kati na trebo hata sikio lipate haki yake, bila ya kujali namba zilizoandikwa. Besi itataka kupandishwa, na trebo kidogo, lakini sauti za katikati zisiondolewe, japokuwa vijana wengi hupenda kuziondoa kwa kuwa mtu akiwa peke yake huona hivyo ni vizuri. Mwili wa gitaa umo katikati humo.

Gaini nayo ipunguzwe. Mpigaji aliyekosa kishindo hudhani kilichopungua ni mkwaruzo, akauongeza, na kila aongezapo sauti huzidi kukonda na kuvuma, kwa kuwa mawimbi yaliyokatwa mno hupoteza lile pigo la kwanza la kidole linalotambulisha noti. Mafundi wa roki nzito wanayo hila ya zamani: huweka mbele ya amplifaya pedali kama Ibanez Tube Screamer, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, mkwaruzo wake wakaushusha karibu na sifuri na sauti yake wakaipandisha. Pedali hiyo hupunguza besi kabla haijafika kwenye valvu, na besi isipozilemea valvu, mkwaruzo huwa mkavu na thabiti; kisha besi hurudishwa baada ya mkwaruzo, kwa kisawazisha sauti kilichochomekwa katika njia ya nyuma ya amplifaya. Besi iondolewe kabla, irudishwe baada: katika hila zote za chumbani sijui iliyo na faida kushinda hiyo.

Mahali pa spika pana athari ambayo wengi huipuuza. Sauti za juu hutoka katikati ya spika zikanyooka kama mwale, na anayesimama huku spika ikielekea miguu yake hasikii alichokipanga. Na iinuliwe basi hata ilingane na kichwa cha aliyeketi. Ukuta na pembe ya chumba huongeza besi bure bila ya gharama ya umeme, lakini spika isiguse sakafu wala ukuta, kwa sababu besi ndiyo ipitayo kwenye zege ikamfikia jirani, ilhali trebo hubaki chumbani. Kipande kinene cha sponji ya godoro chini ya spika ni ihsani ya kweli kwa akaaye ghorofa ya chini.

Wako wasiokubali kuukosa mkwaruzo wa valvu kubwa. Mpiga gitaa Eddie Van Halen aliipa Marshall yake umeme wa voltu takriban 90 badala ya 120 za Marekani, kwa kifaa cha kupunguzia umeme, jambo ambalo simshauri mtu kuliiga nyumbani. Tom Scholz wa bendi ya Boston, mhandisi aliyesoma MIT na kufanya kazi Polaroid, ambaye sehemu kubwa ya albamu ya bendi hiyo ya mwaka 1976 aliirekodi katika chumba cha chini ya nyumba yake, alifuata njia salama zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni yake iliuza kisanduku kiitwacho Power Soak, kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kuugeuza umeme mwingi kuwa joto. Visanduku vya namna hiyo vimezidi kuwa bora tangu hapo, hasa vile vinavyoiga ukinzani wa spika unaopanda na kushuka kulingana na noti, ambavyo huilinda tabia ya amplifaya. Hadhari moja ni ya lazima: amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe pasipo spika wala kisanduku kilichochukua nafasi yake, kwani transfoma yake yaweza kuungua.

Kwa saa za usiku wa manane, mitambo ya dijitali iliyoanza kuenea baada ya Line 6 kutoa POD mwaka 1998 haina mshindani, kwa kuwa katika hedifoni sikio laweza kupewa sauti ya kutosha na jirani asipate hata punje. Kinachokosekana ni ile hali ya spika kuutikisa uzi wa gitaa ukaendelea kulia wenyewe, na hiyo haipatikani ila kwa kelele. Hedifoni nazo zina hatari ya kumvuta mtu aongeze sauti kila robo saa, na sikio lililoumia halitengenezeki.

Mpigaji atakapokwenda mazoezini na wenzake, mpango wa usiku auache nyumbani. Besi aliyoiongeza ili sikio lisione njaa itatoka kwa ukamilifu wake wote penye kishindo, imfunike mpiga gitaa la besi na kuichafua ngoma kubwa. Kwa hiyo na aandike mipango miwili katika karatasi, mmoja wa chumbani na mmoja wa bendi, na ule wa bendi aupange palepale, ngoma ikipigwa.